Kazi Isiyofumuka



Kazi za nyumbani zina tabia moja ambayo mwenye kuzifanya huijua kuliko mwenye kuzitazama: hazikai. Sakafu iliyofagiwa asubuhi huwa na mchanga adhuhuri. Sahani zilizooshwa mchana huchafuka baada ya magharibi, na kanzu iliyopigwa pasi Ijumaa hurudi tengani Jumamosi. Mama hushinda akifanya kazi, na jua likizama hana kitu cha kukinyooshea kidole akasema, hiki nimekifanya leo na kesho nitakikuta. Uchovu wa mwili huondoka kwa usingizi. Uchovu wa kazi inayofumuka kila siku hauondoki kwa kulala. Juma hili napenda tuitazame mikono ya akina mama wa Machakos, kwani wao wanayo dawa ya uchovu huo, na dawa yenyewe si ngeni kwetu sisi watu wa pwani.

Machakos iko takriban kilomita 60 kusini-mashariki ya Nairobi, katika nchi ya vilima na mvua haba. Huko ndiko nyumbani kwa kiondo, kile kikapu cha duara ambacho Wakamba wenyewe hukiita kyondo. Zamani kilisukwa kwa nyuzi za magome, yakiwamo ya mbuyu. Kisha ukaja mkonge, mmea wa asili ya Meksiko ulioletwa Afrika ya Mashariki na Wajerumani mwaka 1893, nao ukaizoea ardhi kavu ya Ukambani kana kwamba ulizaliwa huko.

Jani la mkonge hukwaruzwa kwa kisu mpaka nyama yake ya kijani itoke na katani ibaki. Katani huoshwa, huanikwa juani, kisha nyuzi mbili mbili husokotwa kwa kiganja juu ya mguu mpaka ziwe kamba nyembamba yenye nguvu. Nyingine hutiwa rangi, nyingine huachwa na weupe wake. Msukaji huanzia kitakoni: hukutanisha kamba chache, huzitandaza kama miale ya jua, halafu huzizungushia nyuzi mbili zinazopishana, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kitako kinapopanuka huongeza kamba nyingine za kusimama. Kinapotosha, ukuta wa kikapu huanza kupanda, mzunguko juu ya mzunguko. Mwisho hutiwa mikanda ya ngozi. Kiondo kimoja kizuri hula siku nyingi, kwa kuwa hakuna mwanamke anayepata siku nzima ya kukisuka.

Na hapo ndipo ilipo siri yake. Kiondo ni kazi iliyokubali kukatizwa. Anayepika hawezi kuondoka jikoni, kwani chungu kitaungua. Anayekanda unga hawezi kuuacha ukauke. Msukaji mtoto akilia huweka kiondo chini, humnyonyesha, huteka maji, hugeuza chapati, na akirudi hukuta kila uzi pale alipouacha. Nyuzi zile mbili zimebanana zisiweze kulegea upesi. Ndiyo maana katika barabara za Ukambani utamwona mama anakwenda sokoni kwa miguu huku vidole vyake vinasuka bila kutazamwa. Mizunguko mitatu aliyoipata njiani ni yake. Hakuna atakayeila, wala kuichafua, wala kuirudisha nyuma.

Msidhani faraja hiyo ni ya watu wasio na shida. Mwanamke huyo ana mahindi yanayongoja mvua na karo inayongoja mahindi. Pengine mumewe yuko Nairobi, au huku kwetu Mombasa, katika wale Wakamba ambao tangu miaka mingi wamekuwa wakichonga vinyago Changamwe. Kusuka hakumlipii karo siku hiyo wala hakumrudishi mume. Humpa kitu kingine: kipimo cha kungoja. Siku ambazo zingepita zikifanana humwachia alama mkononi, na alama hiyo huipapasa akajua kwamba muda haukupotea bure.

Tena mara nyingi hasuki peke yake. Wakamba wana desturi ya kusaidiana kazi waiitayo mwethya, na vikundi vingi vya akina mama wasukaji vina roho ileile. Wakikaa chini ya mti, macho yao yako kwenye nyuzi, na mtu ambaye macho yake yako kwenye kazi husema maneno ambayo asingeyasema akitazamwa usoni. Mwenye kufiwa husema, na mwenye mtoto aliyepotea njia husema. Majibu huja polepole, kwa mwendo wa mkono.

Sisi wa pwani tunayajua haya. Bibi zetu walikaa barazani wakisuka ukili, wakaushona ukawa mkeka wa kulalia na msala wa kusalia. Lamu na visiwa vyake vina kofia za vito, ambazo tundu zake ndogo hushonwa moja moja kwa sindano, na kofia nzuri huweza kuchukua miezi. Mwanamke aliyekaa eda, miezi minne na siku kumi, anajua maana ya kuwa na sindano mkononi wakati nyumba imenyamaza na wageni wamekwisha kutawanyika.

Katika Sura ya An-Nahl umepigwa mfano wa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mfano huo ni onyo kwa wanaovunja viapo. Lakini yeyote aliyewahi kusokota uzi ataona kwa nini picha hiyo inauma. Na Bibi Zainab bint Jahsh, mke wa Mtume (s.a.w.), alisifiwa na Bibi Aisha kwamba mkono wake ndio uliokuwa mrefu zaidi, kwa sababu alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka. Kazi ya mkono, basi, haikuwa jambo dogo katika nyumba ile.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuiondoa faraja hii. La kwanza ni soko, likipewa kila kitu. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilisafirishwa kwa wingi Ulaya na Marekani. Kisha vikaja vikapu vya kuiga, vya mashine, kutoka Asia, na bei ikaanguka. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017, vikapu vilipata tena nafasi mikononi mwa wanunuzi. Soko hupanda na kushuka. Kuuza si aibu, na mama anayelisha wanawe kwa kiondo anastahili bei ya haki kutoka kwetu bila kubishana naye kama tunayenunua nyanya. Hata hivyo, ni vyema kila nyumba iwe na kitu kimoja kinachosukwa au kushonwa kisichokuwa cha kuuzwa: kofia ya mjukuu, msala wa bibi arusi, kikapu cha jirani.

La pili ni macho yetu, hasa sisi tunaomkuta mama ameketi na sindano tukadhani hana kazi, tukamtuma chai. Akina baba, ule muda baina ya alasiri na magharibi mkimwona ameshika kazi yake, chai mnaweza kujipikia. Nusu saa haitaivunja nyumba. Na vijana wafundishwe, wa kiume pia. Kofia zetu hushonwa na wanaume vilevile. Huko Wamunyu, katika kaunti hiyohiyo ya Machakos, uchongaji ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ujuzi huo ukarithiwa na wana na majirani. Alikwenda vitani, akarudi na kazi ya mkono. Na leo kuna familia zinazokula kwa sababu yake.

Wengi wetu tuna bibi, shangazi au jirani ambaye bado anajua kusuka ukili au kutoboa kofia. Yeye hatatufuata kwenye simu zetu. Juma hili, Inshallah, apelekewe mtoto mmoja akae naye barazani, bila haraka, ajifunze namna ya kuanza. Kuanza ndiko kugumu. Mwanzo ukishashikwa, kazi hungoja.