Chunusi Si Ushahidi

Huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, mtoto akianza kubaleghe kila mtu hujipa ruhusa ya kuusoma mwili wake. Jirani humkazia macho kifuani, wenziwe humhesabia chunusi, na mwenye duka humwambia "umeshakuwa wewe" kwa sauti ya kushuku. Kisha hukumu hupita: huyu ameanza mambo. Nilizisikia hukumu hizo nikiwa msichana wa shule Malindi na hadi leo nazisikia. Nitazijibu hapa kwa ajili yako, mwanangu, mwenye miaka 12 au 14, uliyeambiwa hayo ukanyamaza.

Tuanze na chunusi, eti humtoka mtu anayewaza mapenzi. Sivyo. Homoni za kubaleghe huziamsha tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi. Mafuta yakizidi huziba vinyweleo, bakteria wakazaana humo, pakavimba. Humtoka anayehifadhi Kurani, humtoka anayeimba kwaya. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, na usitumbue. Dawa ya meno usipake, wala ndimu, kwani ndimu ikikutana na jua letu huunguza ngozi. Mikorogo nayo iache kabisa. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya, na zina sababu ya kupigwa marufuku.

La pili ndilo linaloniuma kuliko yote: kwamba msichana aliyeota matiti mapema ameguswa na mwanamume. Nimeona wasichana wakijifunga leso kifuani hadi pumzi zikawa haba, kwa kuogopa maneno hayo tu. Sikiliza basi yanavyoota. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya mbaazi, hizi hizi tunazolia mahamri asubuhi. Wakati wake ukifika hupeleka amri kwenye vifuko vya mayai, navyo hutoa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayootesha matiti. Kwa wengi huanza kati ya miaka 8 na 13. Mara nyingi moja hutangulia, likauma kidogo, jingine likafuata miezi baadaye. Na hata ukubwani huenda yasilingane sawasawa. Mkono wa mtu hauna uwezo wa kuotesha titi. Na ikiwa kweli kuna mtu aliyekugusa, kosa ni lake, si la mwili wako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, simu ya watoto isiyotozwa pesa.

Wavulana nao wana siri yao ya kifua. Kidonge kigumu hutokea nyuma ya chuchu, kikiguswa kinauma, na kijana huacha kwenda kuogelea na wenzake kwa kuogopa kuitwa mwanamke. Jambo hili huwapata wavulana karibu nusu au zaidi. Mwili wa mwanamume pia hutengeneza estrojeni kidogo, na katika miaka hii mizani yake na testosteroni huyumba kabla ya kutulia. Kwa kawaida kidonge hicho huisha chenyewe kati ya miezi michache na miaka miwili. Vua fulana uingie baharini, mwanangu.

Halafu kuna kijicho. Mtoto aliyekuwa akiimba kasida kwenye Maulidi, sauti nyororo watu wakatoa machozi, mwaka unaofuata anafungua kinywa na sauti inamkwama. Nyumbani wanasema amepigwa jicho, anatafutiwa kombe anywe. Lakini kilichotokea ni kwamba zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, kimekua, na nyuzi za sauti zimerefuka na kunenepa. Uzi mnene hutoa sauti nzito. Mpiga udi yeyote atakwambia. Baada ya miezi kadhaa sauti hutulia, akaimba tena kwa sauti ya kiutu uzima.

Kuota usiku na kuamka nguo imelowa husemwa ni jini mahaba. Hakuna jini hapo. Ni mwili uliokomaa unaotoa mbegu ulizotengeneza. Masheikh wenyewe huhesabu jambo hilo kuwa alama ya baleghe, hawalihesabu dhambi. Mwislamu huambiwa aoge janaba, basi.

Hedhi ndiyo iliyozushiwa mengi. Kwamba ukila ndimu au embe bichi damu itaganda tumboni: tumbo la chakula na mji wa mimba ni vyumba viwili visivyo na mlango kati yao. Kwamba ikiruka mwezi una mimba: kwa msichana ambaye hajalala na mtu hilo haliwezekani, na katika miaka miwili ya mwanzo mzunguko hurukaruka, siku 21 mara hii, 45 mara nyingine. Kwamba ni damu chafu: ni utando wa mji wa mimba pamoja na damu ya kawaida, na kwa kawaida yote haijazi vikombe viwili vya kahawa chungu. Dini kukupumzisha sala siku hizo hakukufanyi kuwa uchafu. Na sodo usione haya kuzidai. Tangu 2017 sheria ya elimu ya msingi inaitaka serikali iwape bure wasichana wa shule za umma.

Tena wapo wasemao aliyevunja ungo tayari ni mke. Zamani somo aliitwa kumfunda mwari, na mafunzo ya usafi aliyotoa nayaheshimu. Lakini ungo kuvunjika ni mwanzo wa safari. Nyonga ya msichana huendelea kukua na kupanuka miaka kadhaa baada ya hapo, na kumzalisha kabla ya wakati ni kuyaweka maisha yake hatarini. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18, kwa Mgiriama, kwa Mswahili, kwa kila mtu.

Wa mwisho ni mfupi kuliko wote, yule mvulana wa gredi ya saba ambaye wasichana wa darasa wamempita kwa kichwa kizima. Wasichana hurefuka kwa kasi takriban miaka miwili kabla ya wavulana. Zamu yake inakuja.

Yapo ya kumpelekea daktari. Msichana aliyefika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti, au 15 bila hedhi. Mvulana wa miaka 14 ambaye mwili haujaanza kubadilika. Dalili zilizotokea kabla ya miaka 8 kwa msichana, au 9 kwa mvulana. Damu inayozidi siku saba, au inayolowesha sodo kila saa. Na mvulana anayeshikwa ghafla na maumivu makali ya korodani amwamshe mzazi usiku huo huo, aende hospitali bila kuona haya. Huenda imejinyonga, na huwa kuna saa chache tu za kuiokoa.