Kompyuta Inapozimika Ghafla



Kompyuta yetu ya nyumbani, hapa Voi, ilianza kuzimika ghafla, mara adhuhuri, mara alasiri. Nikamkemea mwanangu kwa michezo yake. Akasema hakuicheza, sikumsadiki.

Siku moja ikazimika mbele yangu, nikiandika majina ya wanafunzi wa madrasa. Hapo nikafanya lililonipasa tangu mwanzo, nalo ni kuchunguza. Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wake. Vumbi jekundu, lile lile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, lilikuwa limeiziba feni. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, kompyuta hujizima yenyewe ili isiungue. Ndiyo sababu asubuhi ilikuwa salama, na mchana wa jua kali haikudumu.

Niliishika feni isizunguke, nikapangusa vumbi kwa brashi laini, kavu. Kisha nikaiondoa kompyuta sakafuni, nikaiweka mezani, mbali kidogo na ukuta. Tangu hapo imetulia.

Yenu ikizimika hata ikiwa haina joto, tazameni kwanza waya na umeme wa nyumba, kisha mpelekeeni fundi aipime memori. Na kila siku nakilini kazi zenu kwenye flashi.

Mwanangu nilimwomba radhi. Suratul Hujurat imetuamuru kuthibitisha habari na kujiepusha na dhana, wala haikuwavua wazazi katika amri hiyo.

Wabillahi tawfiq.