Wingi wa Vifaa Si Wingi wa Elimu: Funzo la Kihispania kwa Mwalimu Mwanafunzi

Mwanachuo anayetaka kujifunza lugha ya kigeni kwa juhudi yake mwenyewe aghalabu huanza kwa kuuliza: ni tovuti gani katika intaneti iliyo bora? Nionavyo mimi, swali hilo limeanzia mwisho. Darasani hatuchagui chati wala kitabu kabla hatujajua tunataka mtoto aweze kufanya nini mwishoni mwa kipindi. Lakini tukishakuwa wanafunzi wenyewe, tunaisahau kanuni hiyo, tunakimbilia vifaa, na baada ya majuma machache tunaviacha, tukidhani kwamba hatuna kipaji cha lugha.

Katika makala haya nakusudia kulijadili jambo hilo kwa mfano wa Kihispania. Hapana anayetarajia kwamba mwalimu wa shule ya msingi atafundisha Kihispania darasani. Nimekichagua kwa sababu vifaa vyake ni vingi kupita kiasi, na wingi huo ndio mtihani wenyewe. Aidha, ni lugha yenye manufaa. Wanaokizungumza kama lugha ya mama wanakaribia milioni 500; ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta katika bara letu, iliyopata uhuru kutoka kwa Hispania mwaka 1968; tena ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa.

Kutambua si kusema

Mimi mwenyewe nilianza kwa njia ya mkato. Nilipakua katika simu mchezo mmoja wa kufundishia lugha, na kwa muda wa miezi mitatu nikawa nacheza kila jioni. Alama zangu zilipanda, nami nikaridhika. Siku moja nikafungua taarifa ya habari ya Kihispania, nikatambua maneno machache tu, nayo yalikwisha kupita kabla sijayafikiri. Nilipojaribu kueleza kwa sauti habari zangu za siku ile, sikuweza kumaliza sentensi ya pili.

Kosa halikuwa la mchezo peke yake, lilikuwa langu. Nilikuwa nikifanya zoezi moja tu, yaani kuchagua jibu sahihi miongoni mwa majibu manne. Zoezi hilo hupima kutambua. Halipimi kusema, wala kuandika, wala kusikiliza maneno yanayokwenda mbio. Ni sawa na mwalimu anayewapa watoto maswali ya kuchagua mwaka mzima, kisha akashangaa kwamba hawawezi kuandika barua. Kipimo tunachokitumia kila siku ndicho kinachoamua mwanafunzi atajifunza nini, naye mwanafunzi huyo aweza kuwa mwalimu mwenyewe.

Kuanza na lijulikanalo

Vifaa vingi vya Kihispania vilivyomo katika intaneti vimeandikwa kwa kudhani kwamba mwanafunzi anatoka katika Kiingereza. Kwa hiyo hutumia kurasa nyingi kueleza mambo ambayo kwetu si mageni, na hupita kimya mahali ambapo sisi tungehitaji msaada. Hapa ndipo anayejifunza peke yake hana budi kuwa mwalimu wa nafsi yake, akiifuata ile kanuni tunayoijua sote, ya kutoka katika lijulikanalo kwenda katika lisilojulikana.

Tutazame sauti kwanza. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawasawa na zetu. Herufi yao ñ ni sauti yetu ny ya “nyumba”. Ch yao ni ch ya “chakula”. Na j yao inakaribia kh ya “kheri”. Katika sehemu kubwa ya Hispania, z hutamkwa kama th ya “thamani”, ilhali katika Amerika hutamkwa kama s. Linalobaki kuwa gumu ni kutofautisha r moja na r mbili, maana “pero” ni “lakini”, na “perro” ni “mbwa”. Msemaji wa Kiswahili aliyejua hayo hahitaji kupoteza mwezi mzima katika masomo ya matamshi; atumie juma moja, kisha alishughulikie hilo moja linalomsumbua.

Tutazame sarufi. Kihispania husema “libro nuevo” na “libros nuevos”, kama sisi tusemavyo “kitabu kipya” na “vitabu vipya”: sifa hufuata jina, na hukubaliana nalo. Husema “hablo”, “hablas”, “hablamos”, kama sisi tusemavyo “nasema”, “unasema”, “tunasema”: mtendaji yumo ndani ya kitenzi, kwa hiyo si lazima kumtaja tena. Tofauti ni kwamba sisi tunamweka mwanzoni, wao wanamweka mwishoni. Vivyo hivyo, vitenzi vyao viwili, “ser” na “estar”, ambavyo vyote hutafsiriwa kwa neno moja la Kiingereza, havitutishi sana sisi tunaosema “Juma ni mwalimu” na “Juma yuko shuleni”. Hata hivyo daraja hili halifiki ng’ambo kabisa. Mhispania hutumia “estar” kusema kwamba mtu amechoka, ambapo sisi hutumia kitenzi kamili. Yafaa mwanafunzi aandike katika daftari lake mahali daraja linapoishia.

Tutazame msamiati. Waarabu walikaa Hispania kwa karne nyingi, kama walivyohusiana kwa karne nyingi na pwani yetu, na lugha zote mbili zilichota katika kisima kimoja. Sukari ni “azúcar”. Zeituni ni “aceituna”. Zafarani ni “azafrán”. Fulani ni “fulano”. Neno lao “hasta” ni ndugu wa “hata” yetu, kwa maana ya mpaka, kama tusemapo “tangu asubuhi hata jioni”. Kwa njia ya Wareno, jirani za Wahispania, tulipata meza, bendera na mvinyo, ambazo kwa Kihispania ni “mesa”, “bandera” na “vino”. Lakini ndugu si lazima wafanane tabia. “Alcalde”, lililo na asili moja na kadhi wetu, lina maana ya meya wa mji. Na “rehén”, ndugu wa rehani, ni mtu aliyeshikwa mateka. Hayo yote sikuyapata yamepangwa katika somo lolote kwa ajili ya mtu kama mimi. Nilibidi kuyakusanya kidogo kidogo kutoka katika kamusi, na kila nililolikusanya mwenyewe halikunitoka.

Vipimo vinne vya kifaa

Kabla ya kukikubali kifaa chochote, napendekeza mwanachuo ajiulize maswali manne. Je, kifaa hiki kinanidai niitoe lugha kwa kinywa au kwa kalamu, au kinanidai nitambue tu? Je, nasikia sauti ya msemaji halisi, pamoja na maandishi ya maneno anayoyasema? Je, masomo yamepangwa kwa ngazi, la leo likijengwa juu ya la jana? Je, naweza kukipakua na kukitumia pasipo mtandao, kwa gharama ninayoimudu?

Kwa vipimo hivyo, lundo hupungua upesi. Kwa anayeanza na anayeelewa Kiingereza, yako masomo ya kusikiliza ya Language Transfer, ambayo hutolewa bure. Masomo ya Kihispania ni 90, nayo hupakuliwa katika simu. Ndani yake mwalimu humwuliza mwanafunzi mmoja namna ya kusema jambo. Msikilizaji husimamisha sauti, hutoa jibu lake kwa kinywa, kisha hulilinganisha. Huko ndiko kudai lugha kutoka kwa mwanafunzi.

Yako pia masomo ya zamani yaliyotungwa kwa ajili ya mabalozi wa Marekani na chuo chao kiitwacho Foreign Service Institute, katika miaka ya 1950 na 1960, ambayo sasa ni mali ya umma. Mazungumzo yake yamechakaa, lakini yamejaa mazoezi ya kubadilisha: sentensi moja hurudiwa mara nyingi, neno moja likibadilishwa kila mara. Mwanachuo aliyepata kufundisha Kiingereza katika mazoezi ya kufundisha atalitambua zoezi hilo mara moja. Linachosha, lakini hulainisha ulimi. Robo saa kwa siku yatosha.

Kwa kusoma, Instituto Cervantes, taasisi iliyoundwa na serikali ya Hispania mwaka 1991, ina tovuti yenye masomo ya kusoma yaliyogawanywa katika ngazi tatu, pamoja na mazoezi yake. Kwa kamusi, chuo cha lugha kiitwacho Real Academia Española, kilichoanzishwa Madrid mwaka 1713, kimeiweka kamusi yake wazi kwa watu wote bila malipo. Nayo hueleza asili ya maneno, ingawa yamfaa zaidi aliyekwisha kupiga hatua, kwa kuwa maelezo yote ni kwa Kihispania. Kwa kusikiliza habari za maisha ya watu wa Amerika ya Kusini na ya Kati, kipindi cha Radio Ambulante hutoa sauti pamoja na maandishi yake. Hicho pia kiachwe hata mwaka wa pili. Kumpa anayeanza kipindi kama hicho ni sawa na kumpa mtoto wa Darasa la Kwanza gazeti.

Azimio la kazi la mtu mmoja

Vifaa vikishachaguliwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mabalozi wa Marekani wanaosomea Kihispania hupewa saa zisizopungua 600 darasani, nao wana mwalimu mbele yao. Anayejifunza kwa saa moja kila siku atahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuzifikisha saa hizo. Sitaji hesabu hiyo ili kumvunja moyo msomaji, bali nataka ajue kwamba tovuti inayoahidi lugha kwa siku 30 inamdanganya.

Kwa hiyo mwanafunzi na aandike azimio la kazi la muhula mmoja, kama aandikavyo kwa darasa lake. Kila juma liwe na lengo linalopimika, kwa mfano kueleza kwa dakika mbili, bila daftari, kazi za nyumbani kwake. Siku tatu zitumike kwa somo jipya la kusikiliza na kusema, siku mbili kwa kusoma na kuandika, na siku moja kwa marudio na kujipima. Kujipima kuwe kwa kujirekodi sauti katika simu na kuihifadhi. Atakayesikiliza sauti yake ya miezi mitatu iliyopita hatahitaji alama za mchezo kumwambia kama ameendelea au la.

Marudio yasiachwe kwa bahati. Hermann Ebbinghaus, mtaalamu wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunayojifunza hutupotea upesi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa huyahifadhi vizuri zaidi kuliko yaliyorundikwa siku moja. Programu ya Anki huyapanga marudio hayo yenyewe. Lakini mwaka 1972 Sebastian Leitner alikwisha kueleza njia isiyohitaji umeme: kadi za maneno, na kasha lenye vyumba kadhaa. Kadi uliyoijibu vizuri husogezwa chumba cha mbele, ambacho hurudiwa baada ya siku nyingi zaidi. Uliyoikosea hurudi chumba cha kwanza. Kasha hilo laweza kutengenezwa kwa boksi kuukuu na vipande vya manila. Mwalimu aliyelitumia kwa Kihispania atalitumia kesho kwa majedwali ya kuzidisha.

Peke yako, lakini si katika upweke

Wako watakaosema kwamba bando ni ghali na mtandao wa vijijini ni hafifu. Ni kweli, na ndiyo sababu nimekiweka kipimo cha nne. Lakini tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nchi yetu ilikuwa na redio chache, nazo hazikuachwa zinene peke yake. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Waliofundishika walikuwa zaidi ya milioni moja, kwa sababu chombo kilikuwa na kitabu, kikundi na kazi ya kufanya. Wanachuo wanne wenye simu moja, waliopakua masomo mara moja kwa juma na kukutana jioni mbili kusemeshana, watamshinda mmoja mwenye mtandao wa kasi usiku na mchana.

Wengine watauliza: mwalimu wa kusoma, kuandika na kuhesabu ana haja gani na Kihispania? Jibu langu ni kwamba mtoto anayeanza Kiingereza hukaa mbele ya mtu aliyekwisha kusahau jinsi lugha ngeni inavyotisha. Mwalimu humwona amenyamaza, akadhani ni mvivu. Humsikia akikosea kwa kufuata Kiswahili, akadhani ni mjinga. Mwalimu ambaye juma hilohilo ameshindwa kumaliza sentensi ya pili ya Kihispania hatafanya makosa hayo kwa urahisi. Atajua kwamba ukimya waweza kuwa kutafuta, na kwamba kosa lililotoka katika lugha ya mama ni mahali daraja lilipoishia, ambapo ndipo mwalimu hupaswa kusimama. Mwalimu akikosa kulijua hilo, hasara yake humwangukia mtoto asiye na uwezo wa kubadilisha mwalimu kama sisi tubadilishavyo tovuti.

Basi, ndugu mwanachuo, chagua lugha moja, vifaa vitatu na wenzako watatu, uandike azimio lako la juma la kwanza kabla hujapakua chochote.