Mafaili ya Majengo na Somo la Njiapanda ya Kahe

Kahe, uwanda wa joto ulio kusini ya mji wa Moshi, hujulikana na wengi kama jina la kituo cha reli tu. Hata hivyo kituo hicho kina somo la uhandisi linalostahili kukumbukwa. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilipita Kahe na kufika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitandika reli yao kutoka Voi kupitia Taveta, wakaiunganisha na ile ya adui zao papo hapo Kahe. Wahandisi wa pande hizo mbili hawakupata kukaa meza moja, lakini reli zao zote zilikuwa na upana wa milimita 1,000. Behewa lililopakiwa Voi liliweza kuendelea hadi Moshi bila ya kupakuliwa njiani.

Huko Kidatu, mkoani Morogoro, mambo ni mengine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipewa upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli za Zambia. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa vidole vinne. Kwa sababu ya vidole hivyo, mzigo utokao reli moja kwenda nyingine hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Na kila mzigo unapohamishwa, kuna kinachovunjika na kuna kinachopotea.

Wahandisi wa majengo wa siku hizi wanafanya kazi Kidatu, ijapokuwa wengi wao hudhani wako Kahe.

Jengo la leo halichorwi karatasini tu. Msanifu huliunda ndani ya kompyuta kwa umbo lake lote, yaani nguzo, boriti, sakafu, kuta na paa. Umbo hilo huitwa modeli. Kisha mhandisi huhitaji modeli hiyo hiyo katika programu nyingine, inayokokotoa nguvu zilizomo katika kila kiungo. Tuseme shule ya sekondari ya Kahe inajengewa bweni la ghorofa moja. Msanifu yuko Moshi naye hutumia Revit. Mhandisi yuko Dar es Salaam naye hutumia ETABS. Fundi wa kenchi za chuma yuko Arusha na programu yake mwenyewe. Na mhandisi wa pili, aliyepewa kazi ya kuhakiki, ana programu ya nne. Modeli ya bweni husafiri kati yao ikiwa ni faili, na katika kila kituo hupakuliwa na kupakiwa upya.

Kuna makosa yanayojitokeza waziwazi, nayo si ya kuogopwa sana. Programu ya STAAD kwa kawaida huuchukua mstari wa Y kuwa ndio wa wima, hali ETABS huuchukua Z. Faili lisipofasiriwa sawasawa, bweni hulala ubavu, na kila mtu huliona na kucheka. Kosa la vipimo, milimita kusomwa kama mita, nalo hugunduliwa upesi.

Kosa baya ni lile lisiloonekana kwenye kioo cha kompyuta. Msanifu huchora boriti ikiishia kwenye uso wa nguzo, kwa kuwa ndivyo macho yaonavyo. Programu ya mahesabu haioni uso. Huigeuza nguzo kuwa mstari mmoja upitao katikati yake. Nguzo ikiwa na upana wa milimita 300, ncha ya boriti hubaki milimita 150 mbali na mstari huo. Kwenye picha boriti imeshikana na nguzo. Katika mahesabu inaning'inia hewani.

Jambo la bawaba ni zito zaidi, na wanafunzi waliosoma momenti wanaweza kulifuata kwa kalamu. Chukua boriti ya mita 6 iliyokalia kuta mbili, ikibeba kilonyutoni 20 kwa kila mita. Ikiwa imekalishwa tu juu ya kuta, ncha zake zina uhuru wa kuzunguka kidogo kama zimefungwa kwa bawaba. Momenti ya kupinda katikati yake ni mzigo mara mraba wa urefu, gawanya kwa 8: yaani kilonyutoni-mita 90. Ikiwa ncha zimekazwa kabisa zisizunguke, katikati hubaki 30, nazo 60 huhamia kwenye ncha. (Mwalimu aonyeshe kwamba 30 na 60 hufanya 90 ile ile, momenti imehama mahali, haikupungua.)

Sasa basi, mhandisi wa kwanza aliweka bawaba katika ncha zote mbili. Faili likavuka kwenda programu ya pili bila ya habari hiyo, na programu hiyo, kama zilivyo nyingi, ikachukulia kwamba kila kiungo ambacho haikuambiwa lolote juu yake kimekazwa. Nondo za katikati ya boriti zikapangwa kwa momenti ya 30. Lakini ukuta wa matofali hauna uwezo wa kuikaza boriti, wala haujui kilichoandikwa katika faili. Boriti itakayojengwa Kahe itapata 90. Hiyo ni mara tatu ya ile iliyowekewa nondo, na chini yake ni vitanda vya wanafunzi.

Linalotisha ni kwamba uhakiki wa kawaida hauligundui kosa hili. Mhandisi mwangalifu hujumlisha nguvu zote za maegemeo na kuzilinganisha na uzito wote. Hapa uzito ni kilonyutoni 120, na kila ukuta hubeba 60, bawaba ziwepo zisiwepo. Jumla ni sahihi kabisa, na boriti ni mbovu.

Wasioamini kwamba kuhamisha mafaili kwaweza kuleta hasara waulize habari za ndege ya Airbus A380. Wachoraji wa Hamburg na wale wa Toulouse walitumia matoleo mawili tofauti ya programu moja, CATIA. Ilipofika wakati wa kuunganisha sehemu za ndege, nyaya za umeme zilizotoka Ujerumani zikaonekana fupi, na mwaka 2006 kampuni ikalazimika kutangaza ucheleweshaji mkubwa. Hiyo ilikuwa kampuni moja yenye fedha nyingi. Halmashauri ya wilaya haina uwezo wa kustahimili kosa la namna hiyo.

Wapo wanaoshauri kwamba wahandisi wote wa nchi watumie programu za kampuni moja, ili ugomvi uishe. Ushauri huu una ukweli ndani yake. Autodesk inamiliki Revit tangu mwaka 2002 na ilinunua Robot mwaka 2008. Modeli huvuka kati ya hizo mbili kwa usalama kuliko kati ya programu zisizo na undugu. Lakini hiyo ni reli ya mtu binafsi. Bweni hudumu miaka 50 au zaidi, ilhali leseni ya programu hulipiwa kwa mwaka. Siku shule itakapotaka kuongeza ghorofa ya pili, na ofisi iliyokokotoa imekwisha kufungwa, nani atalifungua faili? Taifa lisiweke kumbukumbu za majengo yake katika sanduku ambalo ufunguo wake hukodishwa ng'ambo.

Njia bora ni upana wa reli uliokubaliwa na wote. Upana huo upo, nao huitwa IFC, uliothibitishwa kuwa kanuni ya kimataifa ISO 16739 mwaka 2013. Hauna mwenyewe anayetoza ada, na programu nyingi kubwa huusoma na kuuandika. Haifai, hata hivyo, kuusifu kupita kiasi. IFC hubeba umbo la jengo vizuri. Ina nafasi ya kubeba bawaba, maegemeo na mizigo pia, lakini programu nyingi haziitumii nafasi hiyo ipasavyo. Hata katika reli, upana peke yake hautoshi. Vifungo vya mabehewa na breki navyo hupasa kulingana.

Kwa hiyo halmashauri, au shule yoyote inayojengewa, iandike katika mkataba kwamba itakabidhiwa modeli katika IFC pamoja na michoro, na pamoja nayo karatasi chache za maandishi ya kawaida zinazotaja kila aina ya kiungo, kila egemeo na kila mzigo uliotumika. Karatasi hizo hazihitaji leseni. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo ingefanya jambo jema kulidai hilo kwa majengo yote ya umma. Wako watakaolalamika kwamba ni kazi ya ziada. Ni kweli, ni kazi ya siku moja au mbili.

Vyuo vyetu navyo vina lao la kujibu, kwani mwanafunzi hufundishwa vitufe vya programu moja kana kwamba hatakutana na nyingine maishani. Shule za sekondari zinaweza kumtangulia. Faili la IFC ni maandishi matupu, na programu nyepesi kabisa ya kuandikia hulifungua. Mstari wake wa kwanza ni ISO-10303-21; mahali fulani hutajwa kipimo cha urefu, kama ni milimita au mita; kisha hufuata mistari yenye namba, na kila boriti ina mstari wake wenye neno IFCBEAM. Modeli za mfano hupatikana bure. Darasa la Kidato cha Tatu lenye kompyuta moja laweza kuhesabu boriti katika picha, kisha kuzihesabu katika mistari; na picha ikiwa na boriti 48 hali faili lina 47, wanafunzi waitafute ile moja.