Darasa Lisilegee Mwezi wa Julai

Mwezi wa Januari, katika shule zetu za msingi hapa Tanzania, kila jambo huwa na utaratibu wake. Kengele ikilia watoto hukimbilia mstarini. Wakiingia darasani kila mmoja huketi mahali pake, kiranja hugawa madaftari safu kwa safu, na anayetaka kutoka huomba ruhusa. Kisha huja likizo ya Juni. Shule zinapofunguliwa tena Julai, taratibu zile zile zimekwisha kulegea.

Aghalabu lawama huwaangukia watoto, na fimbo hufuata. Mimi siafiki. Mtoto aliyekaa nyumbani majuma kadhaa amesahau, na aliyesahau hufundishwa. Mwalimu aliyetumia juma zima la Januari kuwazoeza wanafunzi kuingia, kusikiliza na kukusanya kazi, hana budi kutenga walau siku mbili tatu za Julai kuyarudia mazoezi hayo hayo, kwa upole ule ule, kabla hajafungua somo jipya. Siku hizo hazipotei. Madarasa yenye watoto 80 na zaidi si haba, hasa tangu elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016. Kipindi ni dakika 40. Zikipotea 10 kwa kugombania madaftari, robo ya somo imekwenda. Anayeumia kwanza ni yule mzito wa kuelewa, ambaye utaratibu ndio unaomwongoza hata pale maelezo ya mwalimu yanapompita.

Kosa kubwa, hata hivyo, ni letu watu wazima. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na macho yote huelekezwa huko. Mwalimu wa darasa la tatu huitwa kusaidia mazoezi ya watahiniwa, wanafunzi wake wakaachwa mikononi mwa kiranja, na ratiba iliyobandikwa ukutani ikawa pambo tu. Mtoto wa miaka tisa hung'amua upesi kwamba kengele haina maana, na fundisho hilo huja nalo Januari inayofuata.

Nasi wazazi tusijitoe. Tunawarudisha watoto kutoka kwa bibi zao juma zima baada ya shule kufunguliwa, kisha tunamshangaa mwalimu. Madrasa zetu nazo hazikusalimika: baada ya Idi watoto hurejea kwa kujivuta, na pengine ustadhi mwenyewe ndiye wa mwisho kufika. Nilipomwuliza mmoja sababu, alinijibu kwamba alikuwa akiwangoja watoto.