Kura Kumi na Sita si Aibu

Kuna maneno yanayorudiwa kila baada ya uchaguzi, barazani na magazetini, mpaka yamekuwa kama methali: kwamba aliyeshinda kwa kura chache hakushinda, bali ameponea chupuchupu. Mshindi wa maelfu huitwa simba wa jimbo. Mshindi wa kura kumi na kitu huitwa mwakilishi wa bahati nasibu. Juu ya dhihaka hiyo hujengwa hoja nzito zaidi: kwamba ushindani wa karibu ni balaa, kwamba huzaa viongozi waoga na serikali dhaifu, na kwamba heri chama kimoja kikubwa kinachoshinda kila pahala ili watu wapumzike. Hoja hiyo ina sauti tamu, lakini si ya kweli. Ubovu wake unaonekana vyema katika historia ya kiti kimoja kilicho mbali sana na Unguja na Pemba: kiti cha Mundingburra, katika mji wa Townsville, Queensland, kaskazini-mashariki ya Australia.

Queensland ni moja katika nchi sita zilizoungana kuunda Shirikisho la Australia mwaka 1901. Ina serikali yake, Waziri Kiongozi wake na baraza lake la kutunga sheria, ndani ya dola kubwa yenye bunge lake. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa zaidi mpango wa namna hiyo. Wakati wa kisa hiki baraza lilikuwa na viti 89, na halikuwa na baraza la pili la kulirudi, kwani lile la juu lilifutwa mwaka 1922. Kwa hivyo mwenye viti 45 ana kila kitu, na mwenye 44 ana haki ya kusema tu. Kupiga kura ni wajibu wa kisheria tangu 1915, na anayekaa nyumbani bila ya udhuru hutozwa faini.

Ken Davies wa chama cha Labor aliingia katika baraza hilo mwaka 1989, alipokiteka kiti cha Townsville. Ndio mwaka ambao chama chake, kikiongozwa na Wayne Goss, kiliuangusha utawala uliodumu tangu 1957. Mipaka ya majimbo ilipopangwa upya mwaka 1992, Davies akagombea Mundingburra, akashinda. Tarehe 15 Julai 1995 akarudi tena kwa wapiga kura, na hesabu ilipomalizika akawa amempita Frank Tanti wa chama cha Liberal kwa kura 16. Labor ikapata viti 45, na wapinzani wao wote pamoja viti 44. Kura 16 za mtaani ndizo zilizombakisha Waziri Kiongozi katika ofisi yake.

Kumi na sita ni idadi ya mizani katika mshororo mmoja wa shairi. Mpenzi wa ushairi anajua kwamba mshororo hauhitaji mizani elfu ili usimame. Unahitaji kumi na sita zilizotimia. Hakuna malenga anayesema, "Imepungua moja tu, haidhuru." Basi swali la haki kuhusu ushindi wa Mundingburra halikuwa kama kura zilikuwa nyingi. Lilikuwa kama hesabu ilitimia.

Haikutimia. Townsville ni mji wa kambi kubwa ya jeshi, na mwaka ule kikosi kilichotoka huko kilikuwa Rwanda katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwezi wa Aprili 1995 askari wa kikosi hicho walishuhudia mauaji ya wakimbizi katika kambi ya Kibeho, wakawa wakitibu majeruhi huku wamezuiwa na amri kutumia silaha. Miezi mitatu baadaye nchi yao ilipopiga kura, 22 kati ya wenzao walioandikishwa Mundingburra hawakupata nafasi ya kupiga yao. Ishirini na wawili ni wengi kuliko kumi na sita. Tanti akaenda mahakamani. Mahakama haikuuliza askari wale wangempigia nani, kwani hilo halikuwa jambo lake. Iliona kwamba idadi ya walionyimwa haki ilizidi tofauti ya ushindi, ikafuta matokeo, ikaamuru watu wa jimbo lile wapige kura upya.

Hapo ndipo wanaozibeza kura chache wangelipaswa kusita. Watu wachache waliokuwa milimani mwa Rwanda, wasio na cheo wala chama cha kuwasemea, walisimamisha serikali nzima mbele ya hakimu. Lau Davies angeshinda kwa kura 6,000, karatasi zao zingepotea na hakuna ambaye angezitafuta. Tofauti ndogo ndiyo iliyowapa thamani. Penye wingi mkubwa, kura ya mnyonge huhesabiwa kwa adabu tu. Penye wingi mdogo, huhesabiwa kwa hofu. Na mtawala asiye na hofu ya mtawaliwa ni hatari kuliko mtawala mwoga.

Kilichofuata ni somo kwa vyama. Labor haikumrudisha Davies mbele ya wapiga kura waliokwisha kumpa ridhaa yao mara mbili. Ilimweka kando, ikamsimamisha Tony Mooney, meya wa Townsville, mtu wa jina kubwa zaidi mjini. Wakuu wa chama walihesabu kwamba kiti ni mali yao, na kwamba mpangaji anaweza kubadilishwa bila ya nyumba kutikisika. Davies akagombea kama mgombea binafsi. Tarehe 3 Februari 1996 Tanti akashinda. Baraza likawa na 44 kwa 44, na katikati yao mtu mmoja, Liz Cunningham wa Gladstone, mwakilishi asiye na chama. Cunningham akawaunga mkono wapinzani, na tarehe 19 Februari Goss akajiuzulu, Rob Borbidge akashika nafasi yake. Serikali ya nchi yenye eneo karibu mara mbili ya Tanzania ikabadilika kwa sababu ya mtaa mmoja, na hapakurushwa jiwe.

Wapo watakaosema: hilo ndilo balaa lenyewe. Ni haki gani hiyo, mtaa mmoja kuangusha serikali? Jawabu ni kwamba mtaa haukuangusha serikali peke yake. Katika uchaguzi wa Julai 1995 vyama vya upinzani vilipata kura nyingi kuliko Labor katika Queensland kwa jumla. Serikali ilikuwa imekwisha kuegemea uzi kabla ya Mundingburra. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinapojaa, punje ya mwisho hailaumiwi kwa uzito wa zile zilizotangulia.

Anayedhani kwamba wingi wa viti ni dawa, naasome Queensland ile ile ilivyokuwa kabla ya 1989. Joh Bjelke-Petersen alikuwa Waziri Kiongozi kutoka 1968 hadi 1987. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: mipaka ya majimbo ilichorwa kwa namna iliyofanya kura ya shamba iwe nzito kuliko ya mjini, hata mwaka 1986 chama chake kilipata viti 49 kati ya 89 kwa chini ya asilimia 40 ya kura. Huo ndio utulivu unaosifiwa. Ndani yake rushwa iliota mizizi, mpaka uchunguzi wa Tony Fitzgerald, ulioanza 1987 na kutoa ripoti 1989, ukaishia kwa Mkuu wa Polisi na baadhi ya waliokuwa mawaziri kufungwa jela. Serikali ile haikuwa na kiti kilichotetereka cha kuitia adabu. Ilistarehe, na ilipostarehe ikaoza.

Na asidhani mtu kwamba wingi mkubwa hudumu. Mwaka 2012 chama cha LNP kilishinda viti 78, Labor ikabaki na saba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Miaka mitatu baadaye serikali hiyo iling'oka, na Waziri Kiongozi wake, Campbell Newman, akapoteza hata kiti chake mwenyewe cha Ashgrove.

Shutuma nyingine ni nzito zaidi na inastahili kujibiwa bila ya kukwepa: kwamba mwakilishi wa kiti chembamba hununuliwa na hununua. Serikali humwaga barabara, madaraja na hospitali katika majimbo ya ushindani, na majimbo ya ngome hubaki na vumbi. Ni kweli kwamba hutokea. Lakini anayelaumiwa hapo amekosewa. Kosa la mtaa unaopata barabara kwa kuwa kura yake ina shaka ni lipi? Aliyedhulumiwa ni mkaazi wa ngome, na aliyemdhulumu ni yule aliyemwahidi kwamba uaminifu usio na sharti utalipwa. Haulipwi. Mpiga kura ambaye jawabu lake linajulikana kabla ya kuulizwa hana sababu ya kuulizwa. Dawa si kuyafanya majimbo yote yawe ngome. Dawa ni kuyatia mashaka yote.

Tazama pia waliokikalia kiti hicho baada ya Davies. Tanti, aliyeangusha serikali, alidumu miaka miwili na kitu. Mwaka 1998 akashindwa na Lindy Nelson-Carr wa Labor, aliyekaa hadi 2012. Akaja David Crisafulli wa LNP, mtoto wa wakulima wa miwa wa kaskazini, mwandishi wa habari aliyekuwa naibu meya wa Townsville, akashinda na kufanywa waziri. Mwaka 2015 wapiga kura wa Mundingburra wakamtoa.

Alichofanya Crisafulli baada ya hapo kinaeleza ugonjwa wa vyama kuliko kitabu kizima. Hakurudi Mundingburra kuomba tena. Alihamia kusini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Townsville, akaingia kinyang'anyiro cha ndani ya chama, akamshinda mwakilishi aliyekuwapo, na mwaka 2017 akachaguliwa Broadwater, jimbo la Gold Coast lenye wingi wa kumtosha mtu kulala. Kutoka hapo akawa kiongozi wa upinzani mwaka 2020, na Oktoba 2024 akawa Waziri Kiongozi wa Queensland. Hakuvunja sheria yoyote. Lakini mwanasiasa kijana anayetazama safari hiyo hujifunza nini? Kwamba kiti chembamba ni ngazi ya kupandia, si amana ya kutunza. Na kwamba njia ya kufika juu ni kuwakimbia wale wanaoweza kukukataa. Vyama vinavyowalipa wakimbiaji havina haki ya kulalamika kwamba wawakilishi wa majimbo ya ushindani hawana msimamo.

Visiwani jambo hili si hadithi ya mbali. Mwezi wa Januari 1961 Unguja na Pemba zilichagua wawakilishi 22. ASP ilipata viti 10, Hizbu tisa, ZPPP vitatu. Na kiti cha Chake Chake kilikwenda ASP kwa kura moja. ZPPP ikagawika, pande mbili zikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na fujo zilizozuka ziliua watu 68. Tangu hapo kuna wanaosema: mnaona, kura moja huua. Kura moja haikumuua mtu. Waliuawa kwa kuwa kila upande ulisadiki kwamba kushindwa leo ni kushindwa milele, na hapakuwa na mwamuzi ambaye pande zote mbili zingelikubali kauli yake. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika ngome zake. Hiyo ndiyo faida ya ushindi wa maelfu: maelfu ya kura zilizokwenda bure, na chuki iliyolipuka Januari 1964.

Mwaka 1995, miezi mitatu tu baada ya Mundingburra, Zanzibar ilitangaziwa matokeo ya urais: asilimia 50.2 kwa Salmin Amour na 49.8 kwa Seif Sharif Hamad. Townsville, shaka ya kura 16 ilikwenda kwa hakimu na ikaisha. Visiwani, shaka iliachwa mitaani, ikazaa miaka ya kususiana, Muafaka wa 1999, na risasi za Januari 2001. Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar aliufuta uchaguzi mzima kwa tangazo. Haukuwa uamuzi wa mahakama baada ya kusikiliza pande zote. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, uliosusiwa na CUF, ulimpa mshindi asilimia 91.

Asilimia 91 dhidi ya kura 16: ni ipi yenye heshima zaidi? Mwenye kupenda namba kubwa atajibu upesi. Mwenye kuzipima kwa mizani ya haki atauliza kwanza kama hesabu ilitimia, kisha kama palikuwa na hakimu wa kuiendea ilipotiliwa shaka, na mwisho kama waliomkweza mtu wangeweza kumteremsha kwa karatasi ile ile. Ken Davies alipoteza kiti, chama na nafasi yake ya kutajwa miongoni mwa wakubwa. Lakini kwa muda aliokikalia, kila mkaazi wa Mundingburra alikuwa na uwezo juu yake, hata askari aliyekuwa Rwanda akitibu majeruhi wa watu wengine. Mwakilishi wa namna hiyo si wa kuchekwa. Wa kuogopwa ni yule ambaye hakuna mpiga kura anayeweza kumnyima usingizi.