KIDATO CHA KWANZA BADO NI NCHI YA WAGENI

Kila Januari jambo la ajabu hutendeka katika Tanzania, nalo limezoeleka hata hakuna alishangaaye. Mtoto wa mkulima amesoma miaka yote ya shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Anajua kipenyo na mzingo, anajua jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Anaingia Kidato cha Kwanza, na siku ile ile anageuzwa bubu. Mwalimu anasema Kiingereza, darasa kimya. Mwalimu naye ana huruma. Hurudi nyuma akaeleza upya kwa Kiswahili, na nyuso zikachangamka. Lakini mtihani hauna huruma hiyo. Mtihani ni Kiingereza, basi mtoto hukariri asichokielewa, na akishindwa huambiwa ati hana akili!

Mkoloni aliijua vizuri kazi ya lugha. Kiswahili alikitumia kutoa amri na kudai kodi; mambo ya kutawala aliyafungia katika Kiingereza, na katika Baraza la Kutunga Sheria asiyejua Kiingereza hakuwa na kiti wala sauti. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikwenda kwa watu kwa Kiswahili, na makabila zaidi ya mia yakadai jambo moja kwa neno moja: Uhuru. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Jamhuri kuzaliwa, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1967 shule za msingi zikafuata. Sekondari je?

Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilisema wazi mwaka 1982 kwamba Kidato cha Kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985. Mwaka 1985 ulikuja ukapita. Hapa wasomaji wetu wafungue macho. Mwaka 1984 ilitoka ripoti ya wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, waliokuja kupima Kiingereza cha sekondari zetu. Walikuta hali mbaya kabisa: wanafunzi walio wengi hawawezi kujifunzia masomo yao kwa lugha ile. Mganga akiona dawa inamdhuru mgonjwa, huizuia. Hawa walishauri iendelee! Serikali ya Uingereza ikaleta fedha, vitabu na wataalamu wa kukitia nguvu Kiingereza, na sisi tukasema ahsante.

Hatuwalaumu sana. Mfanyabiashara hutetea bidhaa yake. Twauliza tu, sisi tulikuwa tukitetea nini? Hata Mwalimu, aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili safi, alisema wakati ule kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Mwalimu twamheshimu, na kwa neno hilo twatofautiana naye.

Wenye kasumba wana nyimbo mbili. Wa kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu ya juu. Ndivyo walivyosema juu ya sheria pia. Miaka nenda miaka rudi mtu alihukumiwa Mahakama Kuu kwa lugha asiyoijua, akatoka kizimbani akimwuliza wakili wake kama amefungwa au ameachiwa. Mwaka 2021 Bunge likabadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mbingu haikuanguka. Wimbo wa pili ni kwamba watoto watakosa Kiingereza. Lakini nani amesema Kiingereza kifukuzwe? Kifundishwe kama somo, na walimu wanaokijua kweli. Leo mtoto hapati fizikia wala Kiingereza, ila mtoto wa mkubwa, ambaye amelipiwa shule ya Kiingereza tangu chekechea. Huyo ndiye anayenufaika na mpango huu, na baba yake ndiye huusifu katika mikutano.

Kazi ni nzito, hatufichi. Vitabu vya kemia lazima viandikwe, walimu wafunzwe upya, na fedha itatakiwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikwisha kukubali Kiswahili katika ngazi zote, lakini karatasi haifundishi mtoto.

Na tazameni kichekesho. Wakubwa wa dunia wakitaka tuwasikilize hawatuletei Kiingereza: BBC ilianza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1957, sisi tungali chini ya bendera yao. Umoja wa Mataifa, kwa shirika lake la UNESCO, umeifanya 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipa Kiswahili kiti mezani. Siku hiyo ikifika twavaa, twacheza ngoma, twahutubia. Kesho yake, katika shule nyingine, mwanafunzi huchapwa kwa kusema Kiswahili uwanjani.

Mbunge akija kwenye mkutano wa tawi, ndugu, asiulizwe kama anakipenda Kiswahili. Atasema anakipenda. Aulizwe ni Januari ya mwaka gani.